Mashairi Baada ya Siku ya Arobaini

Barua pepe ilifika Jumatatu asubuhi, na haikuandikiwa mimi. Iliandikiwa Zdravka Penkova, aliyekufa miaka mitatu iliyopita. Niliisoma kama nilivyozisoma zote zilizotangulia, kwa kuwa neno la siri la Zdravka nilikuwa nalo mimi peke yangu.

"Mama Zdravka mpendwa," aliandika Bilyana Arnaudova kutoka mji mkuu, Sofia. "Nitatetea tasnifu yangu tarehe kumi na saba Aprili. Ni kazi ya miaka sita. Siwezi kusimama mbele ya maprofesa nikayazungumzia mashairi yako bila kukuona uso hata mara moja. Najua husikii vizuri. Usihangaike, nitakaa tu karibu yako. Nitakuja Vidin Alhamisi, kwa basi linalofika saa tano. Mwambie na Mzee Lozan, jirani yako anayekuchapia, kwamba nitafurahi kumpa mkono."

Mzee Lozan ndiye mimi.

Nilisoma mara tatu, kisha nikazima kompyuta, nikaenda dirishani. Chini, kwenye mlango wa jengo letu, Zdravka alikuwa ananitazama kutoka kwenye karatasi ya tanzia aliyoibandika dada yake wiki tatu kabla. "MIAKA MITATU BILA ZDRAVKA," ndivyo ilivyoandikwa, pamoja na ile picha yake ya kofia ya sufu. Karatasi kama hiyo ilikuwa kwenye duka la mkate, kwenye mti wa kona, kwenye ubao wa kanisa, na kwenye mlango wa nyumba ya kusomea ya mtaa. Sisi hatuwaachi wafu wetu wapotee. Tunawabandika siku wanapokufa, siku ya arobaini, nusu mwaka, mwaka, na kila mwaka unaofuata, maadamu yupo wa kununua gundi.

Bilyana hakuwahi kuziona kwa sababu hakuwahi kufika. Utafiti wake wote aliufanya kwenye kioo cha kompyuta. Kuna tovuti inaitwa Benchi, kama hayo mabenchi ya mbele ya majengo yetu wanapokaa wazee kusemana. Humo wastaafu wa nchi nzima, na wengine walioko ughaibuni kwa watoto wao, huweka mashairi yao. Maprofesa walikuwa wakipita mbali nayo kama mtu anavyopita mbali na harusi ya walevi. Bilyana aliingia ndani. Alisema kwamba shairi la kwenye Benchi haliishi linapowekwa. Chini yake wasomaji huandika, mmoja hujibu kwa beti, mwingine hukosoa, mwenye shairi hurudi akabadilisha mstari, na hivyo ndivyo watu wetu walivyokuwa wakitunga zamani, kabla ya vitabu, mmoja akiimba na mwenzake akimjibu. Katika watunzi elfu sita wa Benchi alimchagua mmoja awe kiini cha kazi yake. Alijiita Nyuki wa Oktoba.

Nyuki wa Oktoba alikuwa Zdravka. Kwa miaka tisa ilikuwa hivyo kweli.

Mimi na Zdravka tulijuana shule ya jioni. Nilikuwa mkereza vyuma kwenye kiwanda cha pampu, yeye alikata tiketi za sinema. Baada ya kazi tulikaa dawati moja na watu wazima wenzetu tukisoma aljebra na fasihi, mikono yangu ikinuka mafuta ya mashine, yake ikinuka lozi za kukaanga. Nilipata cheti nikiwa na miaka thelathini na moja, na cheti hicho kipo ukutani. Watu walisema mengi kuhusu mimi na Zdravka. Waache. Aliolewa na mwingine, mimi nikaoa mwingine, na uzeeni tukajikuta wajane wawili katika jengo moja, yeye ghorofa ya tatu, mimi ya tano. Alitunga kwa penseli kwenye madaftari ya shule. Kompyuta hakuitaka hata kuigusa. Mimi nilikuwa nimehudhuria mafunzo kwenye nyumba ya kusomea, kwa hiyo nilimchapia.

Alifariki tarehe tisa Machi. Kwenye daftari la mwisho aliacha mashairi kumi na moja ambayo nilikuwa sijayachapa. Kwetu roho ya marehemu huzungukazunguka nyumbani hadi siku ya arobaini, na nyumba huendeshwa kana kwamba bado yupo. Glasi yake ya maji hukaa mezani na kioo cha ukutani hufunikwa. Nikasema: kama bado yupo, basi na mashairi yake yaendelee kutoka. Niliweka moja kila baada ya siku tatu, nne. La mwisho lilitoka siku ya arobaini yenyewe, tulipokwenda tena makaburini na vikombe vya ngano ya sukari, chakula cha kumkumbuka marehemu. Nilikusudia kuandika chini yake kwamba mtunzi amefariki. Nikakaa kuandika. Nikakuta mwanamke mmoja wa Burgas amekwisha andika: "Nyuki, usituache tena siku nne hivi, nilidhani umekufa!" Na alama za kucheka.

Sikuandika chochote. Siku ya arobaini na tatu niliweka shairi langu mwenyewe, kwa jina lake.

Lazima niseme hili pia, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kwa jina langu halisi ninayo mashairi mia mbili na kumi kwenye Benchi. Lililopata wasomaji wengi lilipata kumi na wanne, na wawili kati yao ni mimi. Shairi lile la kwanza nililoweka kwa jina la Nyuki lilihusu spana. Lilikuwa na mistari sita isiyo na vina, nayo ilisomwa na watu mia tisa.

Mwaka mmoja baadaye barua ya kwanza ya Bilyana ikaingia kwenye sanduku la Zdravka. Alimwomba ruhusa ya kumtafiti. Nikajibu kwa jina lake, nikasema nimekuwa kiziwi, simu siiwezi, niandikie tu. Akaandika. Akatuma makala yake. Humo alisema mashairi ya miaka tisa ya kwanza, aliyoyagawa vipindi viwili, ni matamu, yenye theluji na asali na vina vilivyopangwa, lakini kisha kikaja kile alichokiita kipindi cha tatu. "Hapa mshairi ameacha kupendeza," aliandika, "na ameanza kusema." Mfano wake ulikuwa spana.

Sentensi hiyo niliisoma nimesimama.

Basi hiyo ndiyo tasnifu aliyotaka kuitetea, na hicho kipindi cha tatu ndicho nguzo yake. Mashairi hamsini na saba. Yote yangu.

*

Jumatano, saa mbili asubuhi, nilishuka na ndoo ya maji ya moto na kisu cha kukwangulia rangi. Nilikuwa nimekwisha kuamua la kusema: Zdravka ameitwa na mwanawe anayeishi Valencia, ughaibuni, mjukuu anaumwa, ameondoka ghafla, pole sana. Binti angekunywa kahawa, angepiga picha ya jengo na kurudi Sofia. Kilichobaki ni karatasi. Nilianza duka la mkate, nikaja kwenye mti, nikaenda kanisani, kisha nyumba ya kusomea. Mwenye duka aliniuliza nafanya nini, nikamwambia manispaa imelalamika kuhusu usafi. Mlango wetu niliuacha mwisho kwa sababu Tsonka, dada yake Zdravka, anakaa ghorofa ya kwanza.

Nilikuwa nimefika kwenye kofia ya sufu mlango ulipofunguliwa kwa ndani.

"Lozan," alisema Tsonka. Alikuwa amevaa ndara na koti la nyumbani, na mkononi ana mfuko wa takataka. "Unaosha nini hapo?"

"Karatasi imechakaa, Tsonka. Mvua."

"Mvua ipi? Nimeibandika juzijuzi tu. Toa mkono."

Nikautoa. Uso wa Zdravka ulikuwa umebaki nusu.

"Umerukwa na akili? Hata mbwa hachani tanzia! Mume wangu alipokuwa hai, alimvunja mtu jino kwa kubandika tangazo la friji juu ya tanzia ya mama yetu. Wewe, mtu mzima, mwenye cheti ukutani, unakwangua dada yangu kama kutu?"

"Shusha sauti, nitakueleza."

"Nishushe sauti ya nini? Nani ataamka? Huyu?" Akaligonga lile nusu la uso kwa kidole.

Nikamweleza pale pale mlangoni, ndoo ikipoa. Nilianza na zile siku arobaini, nikidhani hizo atazielewa. Alizielewa. Aliitikia kwa kichwa taratibu. Nilipofika siku ya arobaini na tatu aliweka chini mfuko wa takataka.

"Subiri," alisema. "Unaniambia kwamba miaka mitatu hii, mimi nawasha mshumaa, na wewe huko juu unamsemesha?"

"Nilikuwa naandika tu."

"Kwa jina lake."

"Kwa jina la Nyuki."

"Nyuki ni nani kama si yeye? Jina hilo alipewa na baba alipokuwa mtoto, kwa vile alivyokuwa anang'ang'ania meza wakati wa kupika jemu. Uliipata wapi ruhusa ya kulivaa?" Akainama akauchukua mfuko wake. "Huyo msichana anakuja lini?"

"Kesho. Saa tano."

"Vizuri," alisema, akaenda zake kwenye mapipa. Sikumwelewa. Nilidhani amechoka kunigombeza.

*

Alhamisi nilimsubiri nyumbani, kwa kuwa alikwisha kuandika kwamba atakuja mwenyewe kwa miguu ili auone mji wa Nyuki. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Mezani niliweka mkate wa jibini, mtindi na pilipili hoho za siki nilizosindika mwenyewe. Saa tano na nusu kengele ililia.

Nilikuwa nimemfikiria mrefu. Alikuwa mfupi, wa miaka kama thelathini na minne, nywele zimebanwa kwa kalamu, mkoba mzito begani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee Lozan. Hatimaye."

"Karibu, binti. Kaa. Safari?"

"Dereva alikuwa na kikohozi na redio. Sijui kipi kilikuwa kibaya zaidi." Alikaa. Hakuutua mkoba. Nikamimina kahawa, akanywa kidogo. "Mama Zdravka yuko wapi? Nimegonga ghorofa ya tatu, akafungua kijana, akasema yeye ni mpangaji."

"Ndiyo, ndiyo. Ni bahati mbaya tu. Ameitwa na mwanawe, Valencia. Mjukuu kaugua. Ameondoka Jumanne, hata hakuwahi kukuandikia. Amesikitika sana. Alikutengea hata…"

"Jumanne ya lini, Mzee Lozan?"

"Jumanne hii."

Akafungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, bado mbichi kwa gundi upande wa nyuma, akaikunjua juu ya meza kati ya mkate na mtindi. Kofia ya sufu. Miaka mitatu bila Zdravka.

"Ilikuwa kituo cha basi," alisema. "Kwenye mlango wa kutokea. Na nyingine kwenye dirisha la tiketi, na nyingine kwenye benchi. Kulikuwa na bibi mmoja ameketi hapo na kopo la gundi. Aliniuliza kama mimi ndiye mtafiti kutoka Sofia. Nikasema ndiyo. Akasema, 'Basi soma.'"

Nilisogeza sahani ya pilipili, bila sababu.

"Nimekuja hapa kwa miguu nikitumaini ni Zdravka Penkova mwingine," alisema. "Unajua? Njia nzima. Nikasema, mji huu lazima una Zdravka Penkova wawili."

"Hauna."

"Sasa naona."

Alitoa chapa ya tasnifu yake, lundo la karatasi kama tofali, akafungua nyuma kwenye orodha ya mashairi. Akachomoa ile kalamu nywelani, nywele zikamwangukia usoni, akanisogezea. "Weka alama. Yako yote. Usiniruke hata moja."

Niliweka alama. Ilichukua muda, kwa sababu alikuwa akizihesabu pamoja nami kwa midomo. Nilipofika shairi la siku ya nne nilisimama.

"Hili ni lake. Lakini mistari miwili ya mwisho ni yangu. Alikuwa hajalimalizia."

"Nimeandika kurasa nane juu ya mistari hiyo miwili," alisema. "Nimesema hapo ndipo mwanamke anapogundua kifo chake."

"Nilikuwa nimetoka kumzika."

Akacheka, kicheko kibaya, akajifunika uso. Nilidhani analia. Alipoutoa mkono macho yalikuwa makavu.

"Kwa nini hukuniambia kwenye barua ya kwanza? Moja tu. 'Binti, Zdravka amekufa, mimi ni Lozan.' Ningekuja kesho yake. Ningeandika tasnifu nzima juu ya hilo! Mwanamume anayeandika kwa sauti ya marehemu, wasomaji wasiojua, tanzia mtaani na uhai kwenye kioo. Mungu wangu, hiyo ndiyo ingekuwa tasnifu."

"Bado unaweza."

"Siwezi." Akaanza kuzungumza haraka, kana kwamba anamsomea mtu maagizo. Ripoti za wajumbe wa jopo zimeshaandikwa na kuwekwa hadharani. Muhtasari umechapishwa. Nafasi ya uhadhiri inafungwa mwezi wa sita, na asiye na shahada hawezi kuomba. Akiiondoa kazi sasa, atakuwa ni yule mtu aliyetafiti maiti kwa miaka bila kujua ni maiti. "Ninajua watanicheka vipi. Msimamizi wangu alinionya. Alisema, Bilyana, nenda kawaone watu wako. Nikamwambia, profesa, watu wangu wako kwenye kioo, huko ndiko wanakoishi, hiyo ndiyo hoja yangu."

Chini uani kuna mtu alikuwa anapiga zulia.

Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Nani anajua? Wewe, mimi, na yule bibi wa gundi."

"Tsonka. Dada yake."

"Anatumia kompyuta?"

"Hana hata simu ya kisasa."

"Basi nisikilize, Mzee Lozan." Alinishika kiganja. "Kuhusu mtu nimekosea. Kuhusu mashairi sijakosea. Mashairi ni mazuri, yeyote aliyeyaandika. Spana ni shairi zuri kuliko yote niliyoyasoma kwenye Benchi kwa miaka sita. Hilo ningeliapa mbele ya jopo. Nyamaza hadi tarehe kumi na saba. Hilo tu. Usiandike kitu, usifute kitu. Nikishapata shahada, tutatafuta njia."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Nilijua ni hapa. Nilikuwa na miaka sabini na sita na sikuwa na la kupoteza, yeye alikuwa na kila kitu, na uongo ulikuwa wangu tangu mwanzo. Lakini nilikuwa bado naisikia ile sentensi ya katikati, ya spana.

"Sawa," nikasema.

Alikula vipande viwili vya mkate wa jibini, akawahi basi la saa nane.

*

Tsonka nilimwomba anyamaze. "Nani ataniuliza mimi?" alisema. Zile karatasi alikuwa ameshazirudisha zote, na mlangoni kwetu alibandika mbili, moja juu ya nyingine. Lakini siku ya utetezi, Ijumaa, alipanda ngazi hadi kwangu akiwa na koti lake la kwenda kanisani na kibeti.

"Umesema utetezi unaonyeshwa kwenye kompyuta. Nataka kusikia wanavyomzungumzia dada yangu."

Nikamwekea kiti. Hakuvua koti.

Kwenye kompyuta ulionekana ukumbi wa kawaida, wenye ubao mweupe. Wajumbe watano walikaa kwenye meza ndefu. Bilyana alivaa nguo ya buluu na alizungumza vizuri, bila karatasi. Alieleza Benchi ni nini, na wazee wanavyoketi humo. Alionyesha jinsi shairi moja lilivyobadilika mara tisa kwa sababu ya maoni ya wasomaji, na chumba kikacheka palipostahili kuchekwa. Tsonka alikuwa anasikiliza mdomo wazi. "Anaongea kama redio," alinong'ona, na kulikuwa na heshima ndani yake.

Kisha profesa mmoja mzee, mwenye shingo nyembamba, akaomba ruhusa ya kusoma shairi ambalo alisema halimtoki kichwani. Akasoma:

*Mkono unaikumbuka spana,
spana haiukumbuki mkono.
Imeuzwa kwa kilo, pamoja na geti.
Mimi nalala ngumi imefungwa,
asubuhi naifungua:
hamna kitu, na bado ni nzito.*

Alisoma taratibu, hadi mwisho. Maneno yangu, katika mdomo wa profesa, Sofia. Naandika ukweli: nilifurahi. Nilifurahi hadi masikio yakapata moto. Nikamgeukia Tsonka nikitaka aone.

Profesa akaondoa miwani. "Nina swali moja dogo, la kizee. Mwenzangu mtafiti, huyu bibi aliyekata tiketi za sinema, alijuaje uzito wa spana? Umekutana naye?"

Bilyana hakumtazama profesa. Alitazama juu, kwenye kamera, yaani alinitazama mimi.

"Ndiyo," alisema. "Nilikwenda Vidin mwezi huu. Nilimkuta jikoni kwake. Alinikaribisha mkate wa jibini. Mengi ya kiwandani amesimuliwa na jirani yake, mkereza vyuma, ambaye namshukuru."

"Aha, jirani," akasema profesa, akatabasamu, akavaa miwani yake.

Tsonka alisimama. Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, vyote hadi shingoni.

"Kwa hiyo alikuwa jikoni," alisema. "Na mimi niliyemvisha soksi za mwisho, nilimvisha nani?"

"Tsonka, kaa. Wanapiga kura."

"Wapige. Na wewe usinisalimie tena ngazini, Lozan. Nikikukuta kwenye lifti nitashuka kwa miguu."

Alikwenda. Kwenye kioo wajumbe walisema mmoja baada ya mwingine, "Naafiki," mara tano. Watu wakapiga makofi, msichana mmoja akaleta maua. Saa kumi simu yangu ikalia, na nyuma ya sauti ya Bilyana kulikuwa na glasi na vicheko.

"Mzee Lozan! Tumeshinda! Umesikia alivyokusoma? Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa Nyuki apumzike. Taratibu tu. Andika kwamba macho yamechoka, ataandika mara chache. Kufika kiangazi tutamwacha aondoke, tutapanga tarehe nzuri."

"Tarehe nzuri," nikasema.

"Ndiyo. Pole, wananiita. Nakubusu shavuni, mzee wangu!"

Nilikaa kwenye kompyuta kuandika hayo ya macho. Nimekuwa nikiandika kwa jina lake miaka mitatu bila kukwama hata siku moja. Niliandika, "Wapendwa wangu, macho," nikasimama. Nikafuta. Nikaandika tena. Nilikuwa ninatafuta tarehe ya kumuua mtu ambaye tarehe yake ninaijua, kwa kuwa nilimshika mkono siku hiyo na ulikuwa baridi hadi kwenye kiwiko. Tarehe tisa Machi, saa moja kasoro asubuhi. Tsonka alikuwa anatafuta soksi kwenye kabati.

Niliacha, nikachukua karatasi ya mistari. Niliandika kwa jopo, kwa mkono, kwa ule mwandiko tuliofundishwa shule ya jioni: mimi ni nani, nilifanya nini, shairi lipi ni la nani, mtunzi alifariki lini. Niliandika pia kwamba mtafiti alidanganywa miaka miwili bila kujua. Juu ya wiki zile mbili alizojua sikuandika, lakini nilijua watauliza, na kwamba nikiulizwa nitajibu. Ilijaza kurasa nne. Niliitia sahihi.

Jumamosi asubuhi nilimpigia. Alikuwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Mzee Lozan! Mapema hivi?"

"Bilyana, nimeandika barua kwa jopo. Ninayo hapa. Posta inafunguliwa Jumatatu saa mbili. Ukitaka kuwaambia mwenyewe kabla yangu, una leo na kesho. Ni bora waisikie kwako."

Nilisikia maji yakitiririka bombani, kisha akayafunga.

"Unatania."

"Sitanii."

"Unajua watakachonifanya? Si shahada tu. Nimesema mbele ya watu, kwenye rekodi, kwamba nilimkuta jikoni. Hawatanipa hata kazi ya kufundisha watoto alfabeti."

"Najua."

"Hujui! Ungejua ungeniambia hivyo Alhamisi ile, nilipokuwa bado sijasema neno! Nilikuwa nimekaa mezani kwako. Nilikuwa bado msafi! Ungesema tu, 'Hapana, binti, sikubali,' ningelia, ningekutukana, ningekwenda kwa msimamizi wangu kesho yake na yote yangekuwa kosa lako. Kwa nini ulisema sawa? Kwa nini ulikubali siku ile, na leo ndio unakuwa mtu wa kweli?"

Niliitazama barua mezani, kurasa nne, na sababu hiyo haikuwemo hata katika ukurasa wake mmoja.

"Kwa sababu ulinisifu," nikamwambia.